Maji Yasiyosubiri Tena

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliowahi viti vya mbele, walimu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma ukutani: habari za jioni, na asanteni kwa kuja. Nimepewa saa moja. Nitajaribu nisiimalize, maana nimekwisha kujua kwamba maswali yenu huwa matamu kuliko hotuba zangu.

Nimeombwa nizungumzie mabadiliko ya tabianchi na mito inayoshuka kutoka milima yenye barafu na theluji. Naomba nianze na maneno yenyewe, kwa sababu lugha yetu imetuchezea kidogo hapa. Tunayo maneno mawili, na yote mawili yalitufikia kwa jahazi. Theluji tumeipata kwa Waarabu. Barafu tumeipata kwa Waajemi, na kwao neno hilo ni ile laini inayodondoka kutoka mawinguni, yaani theluji hasa. Sisi tulipolipokea tukalihamishia kwenye kitu kigumu, kile cha kutia kwenye juisi. Basi kwa jioni hii tukubaliane hivi: theluji ni ile inayoanguka msimu huu na kuyeyuka msimu unaofuata. Inapoanguka mwaka baada ya mwaka bila kuisha, ikarundikana, ikajikandamiza kwa uzito wake mpaka ikawa barafu, na barafu hiyo ikaanza kuteremka mlimani taratibu kama uji mzito, hiyo tutaiita barafuto. Wapo wanaoiita mto wa barafu. Ni jina zuri, lakini leo tuna mito mingi ya kutosha, tukiongeza na huo tutapotezana.

Sasa, mlima wenye barafu unafanya kazi gani? Ukiuliza watu, wengi watasema mlima unatoa maji. Hapana. Mlima hautengenezi hata tone. Maji ni ya bahari na mawingu, mlima umeyapokea tu. Kazi yake ni kuyachelewesha. Theluji iliyoanguka wakati wa baridi, wakati shambani hakuna hata jani, inakaa huko juu ikisubiri miezi mitatu, minne, sita. Halafu kiangazi kinafika, jua linachoma, visima vinashuka, ng'ombe wanatoa ulimi nje, na jua hilo hilo linalokausha shamba ndilo linalofungua bomba la mlimani. Kadiri siku inavyokuwa kali ndivyo maji yanavyotoka kwa wingi. Sijamwona mhandisi aliyebuni tangi linalojifungua lenyewe siku ya kiu kubwa na kujifunga siku ya mvua. Mlima umefanya hivyo bila mshahara.

Kwa hiyo mkinisikia nikisema barafu inaisha, msidhani nasema mvua ya dunia inaisha. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi inayoongezeka, na mahali pengi mvua itakuwa kubwa kuliko zamani. Maji yatakuwepo. Kinachopotea ni ile subira yake. Na mengine yote nitakayowaambia leo, hata yale ya ajabu, yanatoka kwenye jambo hilo moja.

Tuanze na theluji, maana ndiyo inayoonyesha haraka.

Ukipanda mlima, hewa inapoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita. Igeuze hesabu hiyo: joto la dunia likipanda kwa nyuzi 1, ule mstari ambapo mvua inageuka kuwa theluji unasogea juu kwa mita 150 hivi. Mtu anaweza kusema, mita 150 ni kitu gani kwenye mlima wa mita elfu nne? Lakini chukueni kawa muifunike mezani, muitazame. Chini ni pana, juu ni kidole. Mlima ni hivyo hivyo. Ukanda unaopokonywa theluji kwanza ni ule wa chini, na huo ndio wenye eneo kubwa. Pale palipokuwa pakilala theluji sasa panapiga mvua, na mvua haina mahali pa kulala. Inateremka siku ile ile. Theluji iliyobaki nayo inaanza kuyeyuka wiki kadhaa kabla ya wakati wake. Mkulima wa bondeni anafungua mfereji mwezi wa saba, anaambiwa maji yake yalipita mwezi wa nne, usiku, akiwa amelala.

Nina kisa ninachokipenda hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Nevada, Marekani, alikuwepo mwalimu wa Kilatini aitwaye James Church. Kilatini, jamani! Mtu wa mashairi ya Warumi. Lakini alipenda kupanda milima wakati wa baridi, jambo ambalo majirani zake bila shaka waliliona la mtu asiye na kazi. Siku hizo kulikuwa na ugomvi kuhusu Ziwa Tahoe. Wenye nyumba kando ya ziwa walitaka maji yasipande yakaingia sebuleni, na wa chini waliotaka maji ya umeme na mashamba walitaka yasiachiwe ovyo. Hakuna aliyejua mapema ziwa litapanda kiasi gani, kwa hiyo kila mmoja alimshuku mwenzake. Church akatengeneza bomba la chuma lenye meno mwishoni. Unalizamisha kwenye theluji mpaka ardhini, unalichomoa likiwa limejaa, unalitundika kwenye mizani. Alipima uzito, maana kina cha theluji kinadanganya: theluji laini ya sentimita 100 ikiyeyuka inaweza kukupa maji ya sentimita 10 tu. Ukijua uzito, unajua mlima umebeba maji kiasi gani, na unaweza kumwambia mtu wa ziwani atarajie nini. Njia yake ikaenea.

Hadi leo, jimbo jirani la California hupima theluji kila mwaka mwanzoni mwa Aprili, kwa sababu kwa kawaida huo ndio wakati theluji inapofika kilele chake kabla ya kuanza kuyeyuka. Tarehe 1 Aprili 2015 gavana wa jimbo, Jerry Brown, alifuatana na wapimaji hadi kituo cha Phillips kwenye milima ya Sierra Nevada. Walikuja na bomba lao. Wakasimama juu ya majani makavu. Katika miaka 75 ya kupima mahali pale mwanzoni mwa Aprili, hawakuwahi kukosa theluji kabisa. Kwa jimbo zima, theluji ilibeba asilimia 5 tu ya maji ya kawaida ya siku ile. Gavana akatangaza hapo hapo kwamba matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25. Na hapa nataka mnisikie vizuri: msimu ule mvua ilinyesha. Ilikuwa chini ya kawaida, ndiyo, lakini haikuwa asilimia 5. Kilichovunja rekodi ni joto la majira ya baridi. Mawingu yalileta maji, mlima ukashindwa kuyashika.

Haya. Theluji ni akaunti ya mshahara: inaingia, inatoka, mwaka ukiisha tunaanza upya. Barafuto ni kibubu. Na kwenye kibubu ndipo penye udanganyifu mkubwa.

Fikirini nyumba ambayo kipato chake kimepungua, lakini ndani kuna kibubu cha babu. Wenye nyumba wanakivunja. Mwezi ule mezani kuna nyama, watoto wana viatu vipya, majirani wanasema hawa mambo yao yamenyooka. Ukitazama matumizi tu, utasema nyumba ile imetajirika. Mto wa barafuto unafanya hivyo hasa. Joto linapopanda, barafu inayeyuka zaidi ya inavyorudishwa na theluji mpya, na mto unajaa. Unajaa kweli. Vipimo vinaonyesha maji mengi kuliko miaka ya babu zetu. Serikali inakuja na ramani ya bwawa. Mashamba mapya yanakatwa. Mji unaongeza mitaa. Kila mtu anapanga maisha yake kwa kipimo cha mwaka ule wa neema, na neema yenyewe ni deni.

Halafu kinafika kile wataalamu wanachokiita kilele cha maji. Barafu imebaki kidogo kiasi kwamba hata ikiyeyuka kwa kasi yote, hakuna cha kutosha cha kuyeyuka. Kuanzia hapo mto unashuka mwaka hadi mwaka, hasa katika miezi ya kiangazi, na haurudi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliochunguza mabonde 56 makubwa ya mito yenye barafuto katika mabara mbalimbali. Katika takriban nusu yake kilele kilikuwa kimekwisha kupita. Wenye barafu ndogo walitangulia. Wenye barafu nyingi, kama wale wa vyanzo vya mito mikubwa ya Asia, bado wanakwenda kwenye kilele chao, yaani bado wako kwenye mwezi wa nyama.

Peru ni mahali pa kuliona hili kwa macho. Nchi hiyo ina takriban asilimia 70 ya barafuto zote za ukanda wa tropiki. Mto Santa unashuka kutoka milima ya Cordillera Blanca hadi pwani ambayo ni jangwa tupu, na maji yake yamechukuliwa kwa mfereji mrefu wa mradi wa Chavimochic kwenda kumwagilia mchanga. Jangwa likageuka mashamba ya asparaga na parachichi, mazao yanayosafirishwa ng'ambo kwa meli. Huko juu, watafiti waliopima vijito vya mto huo wamekuta kwamba vingi vimeshapita kilele, na maji ya kiangazi yanapungua. Sisemi waliojenga mfereji walikuwa wajinga. Walipima mto, wakaukuta una maji. Tatizo ni kwamba mto haukuwaambia sehemu gani ni mshahara na sehemu gani ni kibubu.

Najua kuna anayetaka kuniuliza kuhusu Kilimanjaro. Kila nikitaja theluji mlimani mbele ya Waswahili, naona macho yanaelekea huko. Barafu ya kileleni ilikuwa kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, na kufikia 2011 ilikuwa chini ya 2. Hiyo ni kweli na inasikitisha. Lakini tusichanganye mambo. Mito inayoteremka kutoka mlima ule inalishwa hasa na mvua na ukungu unaonaswa na ukanda wa msitu. Mchango wa barafu ya kileleni ni mdogo mno, na sehemu kubwa ya barafu ile hugeuka mvuke moja kwa moja kwenye hewa kavu bila hata kuwa maji. Mwenye kuililia mito ile aangalie miti kwanza. Mlima mmoja hausemei milima yote, na tukilazimisha ufanane na mingine tutakosea dawa.

Asia nako tusiivalishe yote kanzu moja. Milima ya Hindu Kush na Himalaya huitwa ncha ya tatu ya dunia, kwa kuwa ukiacha kule kusini na kaskazini kabisa, hakuna penye barafu nyingi kama pale. Watu milioni 240 wanaishi milimani humo, na wengine zaidi ya bilioni moja na nusu wako chini, kwenye mabonde ya mito inayoanzia huko. Lakini Mto Indus na Mto Ganges ni ndugu wenye tabia tofauti. Ganges unategemea sana mvua za monsuni. Indus unapita kwenye nchi kavu, na sehemu kubwa ya maji yake ni theluji na barafu iliyoyeyuka. Barafu ikiisha, Ganges utaumia katika miezi ya ukame kabla ya monsuni. Indus utaumia kwenye uti wa mgongo.

Nikiwa hapo hapo, niungame kosa la upande wetu sisi tunaopiga kelele. Mwaka 2007 ripoti ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, iliandika kwamba barafuto za Himalaya zingeweza kutoweka kufikia 2035. Takwimu ile haikuwa na msingi. Mwaka 2010 wakakiri kosa. Walioikataa sayansi wakaichezea ngoma kwa miaka. Na ukweli ulioandikwa kwa uangalifu baadaye hauhitaji chumvi: tathmini ya mwaka 2019 ya ICIMOD, kituo cha utafiti wa milima kilichopo Kathmandu, ilisema hata ongezeko la joto la dunia, tukilipima tangu kabla ya enzi ya viwanda, likizuiwa lisizidi nyuzi 1.5, theluthi moja ya barafu ya milima ile itakuwa imekwenda mwisho wa karne. Ripoti yao ya 2023 ikaongeza kwamba kati ya 2011 na 2020 barafu hiyo iliyeyuka kwa kasi ya asilimia 65 zaidi kuliko muongo uliotangulia.

Kwa dunia nzima, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2025 vinasema kati ya 2000 na 2023 barafuto zilipoteza wastani wa tani bilioni 273 kwa mwaka. Namba kama hiyo haiingii kichwani, basi tuifanyie hesabu ya darasani. Watu bilioni 8, kila mmoja anywe lita 3 kwa siku. Kwa mwaka ni karibu tani bilioni 9. Kwa hiyo barafu inayopotea kwa mwaka mmoja ingetosha kuinywesha dunia yote kwa miaka 30. Waswahili tunasema akiba haiozi. Ni kweli, haijaoza. Imeyeyuka.

Na kuyeyuka huko kunajichochea. Theluji mpya ni nyeupe, inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Ikiondoka, inabaki barafu ya chini, ya kijivu, yenye vumbi na masizi ya dizeli na ya kuni, ambayo inameza mwanga mwingi. Uswisi, nchi inayopima barafuto zake kama mama anavyopima mtoto kliniki, ilipoteza asilimia 10 ya ujazo wa barafu yake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023. Huko sasa kuna mahali ambapo kila kiangazi hufunika sehemu ya barafuto kwa vitambaa vyeupe, kama mgonjwa. Vitambaa vinasaidia pale vilipo. Mlima mzima huwezi kuushonea shuka.

Mpaka hapa nimesema maji yasiyosubiri yanapita mapema. Kuna namna nyingine mbaya zaidi ya kutosubiri.

Barafuto inaporudi nyuma, inaacha shimo, na mbele ya shimo linabaki tuta la mawe na udongo iliousukuma yenyewe miaka mingi. Shimo linajaa maji, linakuwa ziwa. Zuri, la kijani, watalii wanapiga picha. Lakini lile tuta halikujengwa na mtu, halina saruji wala mlango wa kupunguzia maji. Kipande cha mlima kikidondoka ziwani, wimbi linaruka, tuta linakatika. Tarehe 13 Desemba 1941, asubuhi, Ziwa Palcacocha lilikatika juu ya mji wa Huaraz, huko huko Peru. Watu wasiopungua 1,800 walikufa. Ziwa lile baadaye lilijaa tena, na miaka hii mabomba yamewekwa kulinyonya ili kina chake kisizidi.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Oktoba 2023 ikawa zamu ya Sikkim, India. Ziwa la South Lhonak lilipasuka, maji yakateremka Mto Teesta na kulivunja bwawa la umeme la Teesta III pale Chungthang, la megawati 1,200. Bwawa ambalo lilijengwa kuvuna nguvu ya mto huo huo. Tazameni jinsi mambo yalivyofungamana: joto linalotupa maji ya ziada ya kuzungusha mitambo ndilo linalojaza ziwa lililo juu ya mitambo.

Onyo likiwepo, watu huokoka. Mei 2025 wakazi wapatao 300 wa kijiji cha Blatten, Uswisi, walihamishwa siku chache kabla barafuto ya Birch haijaporomoka. Kijiji kilifukiwa karibu chote, na Mto Lonza ukazibwa na kifusi ukageuka ziwa juu ya nyumba zilizosalia. Mtu mmoja alipoteza maisha. Wangekuwemo wote, tungekuwa tunazungumza mengine. Lakini kumbukeni, mlima ule ulikuwa unatazamwa kwa vyombo mchana na usiku. Milima mingi duniani haina hata mtu mmoja wa kuitazama.

Kabla sijafika kwenye nini kifanyike, niwape kisa kimoja ambacho hakijaua mtu lakini ndicho kinachonikosesha usingizi. Huko Yukon, Kanada, kulikuwa na mto uitwao Slims. Uliishi kwa maji ya barafuto ya Kaskawulsh, ambayo ilikaa mahali pa kugawa: maji mengine yaliteremka kaskazini kupitia Slims hadi Ziwa Kluane na hatimaye Bahari ya Bering, mengine kusini kuelekea Pasifiki. Barafuto ikaendelea kurudi nyuma. Mwishoni mwa Mei 2016 maji yakachimba njia mpya ndani ya barafu yenyewe, yote yakageukia kusini. Ndani ya siku nne hivi, Mto Slims ulikuwa umekwisha. Watafiti waliokwenda kuupima miezi michache baadaye waliukuta haupo. Palipokuwa mto paliinuka vumbi, na kina cha Ziwa Kluane kikashuka. Wanajiolojia huliita jambo hili uharamia wa mito. Zamani walilisoma kwenye miamba, kama habari ya maelfu ya miaka. Hili lilitokea katika wiki moja, nasi tukiwa na simu mfukoni.

Ukifikiria mikataba yetu ya maji utaona hatari iko wapi. India na Pakistani waligawana mito ya bonde la Indus mwaka 1960. Majimbo ya Marekani yaligawana Mto Colorado, mto wa theluji, mwaka 1922, kwa kutumia vipimo vya miaka ambayo baadaye iligundulika ilikuwa na maji kuliko kawaida. Kila mkataba wa namna hiyo unadhani mto ni kitu kilichotulia, kinachoweza kukatwa kama mkate.

Viumbe vya mtoni nitavipitia mbio. Wapo samaki na wadudu walioumbwa kwa maji baridi tu. Mwaka 2019 Marekani iliwaweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini wadudu wawili wadogo wa vijito vya barafu kwenye milima ya Montana. Hakuna aliyewaandamania. Hawana mahali pa kukimbilia, maana wao tayari wako juu kabisa.

Sasa, nini kifanyike? La kwanza mnalijua, nami sitalizungusha: kupunguza hewa ya ukaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba ongezeko hilo la joto likiishia nyuzi 1.5, takriban nusu ya barafuto za dunia kwa idadi zitatoweka kufikia 2100. Likifika nyuzi 4, zaidi ya asilimia 80. Anayesema imekwisha kuwa kazi bure hajaitazama nafasi iliyopo kati ya nusu na asilimia 80. Mito mizima imo katika nafasi hiyo.

La pili ni kujifunza kuyasubirisha maji kwa njia nyingine. Watu hukimbilia mabwawa, na mahali pengine yanafaa. Ila bwawa liko chini, kwenye joto, linapoteza maji kwa mvuke, linajaa tope ambalo barafuto husaga na kulimimina mtoni, na linameza bonde la mtu fulani ambaye kwa kawaida hakuulizwa. Mimi navutiwa zaidi na kazi za watu wa milimani wenyewe.

Ladakh, kaskazini mwa India, ni jangwa la baridi. Wakulima wanahitaji maji wakati wa kupanda, majira ya kuchipua, kabla barafuto za juu hazijaanza kuyeyuka. Mhandisi mmoja wa huko, Chewang Norphel, aliona kijito kimeganda chini ya kivuli cha miti ilhali pembeni maji yalikuwa yanatiririka. Akatambua kwamba pale kivulini maji yalikwenda polepole, ndiyo maana baridi iliyakamata. Akaanza kujenga kuta fupi za mawe milimani ili maji ya wakati wa baridi yapunguze mwendo, yagande hapo hapo, yaje kuyeyuka wakati wa kupanda. Baadaye Sonam Wangchuk naye akaja na minara: maji yanashushwa kwa bomba, yanaruka juu kama chemchemi usiku wa baridi kali, yanaganda yakidondoka, na kinajengeka kichuguu cha barafu chenye umbo la pia iliyopinduliwa. Umbo hilo linaacha eneo dogo kwa jua, kwa hiyo linachelewa kuyeyuka. Mnara wa majaribio wa mwaka 2014, wa mita 6 hivi, ulidumu hadi Mei. Usiku wa baridi ukipungua, nao utashindwa, na mabomba huganda, na kijiji cha chini humshuku wa juu kwamba anaiba. Hakuna anayedai kwamba minara hiyo ni barafuto.

Na Peru, juu ya jiji la Lima, kuna mifereji iitwayo amuna, ya tangu kabla ya Wainka. Wakati wa mvua inayachukua maji ya kijito na kuyapeleka kwenye mteremko wenye mawe yenye nyufa, inayaacha yazame. Wenyeji wanasema wanapanda maji, kama mtu anavyopanda mbegu. Yanaibuka chini kwenye chemchemi baadaye sana. Mifereji mingi ilikuwa imebomoka kwa kusahauliwa, na sasa inazibuliwa. Utafiti wa mwaka 2019 ulipima yanachelewa kwa muda gani: kwa wastani ni siku 45. Mengine hutoka baada ya wiki mbili, mengine hukaa mpaka miezi minane.

Siku 45 kwa barafuto iliyokuwa ikishika maji kwa miaka na miaka ni kama kupumua mara moja. Kwa mwenye mahindi yanayotaka kunyweshwa mara mbili zaidi kabla ya kukomaa, ni mavuno.

Naona saa yangu imekwisha, na kuna mzee hapa mbele amenyoosha mkono tangu nilipomtaja yule mwalimu wa Kilatini. Mzee wangu, samahani kwa kukuchelewesha. Kipaza sauti hicho kinakuja, karibu.